Chama wanakipa kura, nchi mpya hawaitaki

Tarehe 4 Julai 2024 SNP, chama cha utaifa cha Scotland, kilipigwa vibaya mno. Mwaka 2019 kilikuwa kimebeba viti 48 vya Scotland kwenye bunge la Uingereza kule Westminster, London, safari hii kikabaki na 9, yaani tisa tu, na chama cha Labour wakaondoka na 37. Kesho yake wachambuzi kibao wakatangaza msiba, wazo la Scotland kujitenga na Uingereza iwe nchi huru limekufa, watu waendelee na maisha yao. Sasa ukifungua tafiti za maoni za kipindi hicho hicho unakuta wanaotaka uhuru wako pale pale walipokuwa, asilimia arobaini na kitu, tafiti nyingine zinakaribia nusu, namba ambayo haijatikisika sana tangu kura ya maoni ya uhuru ya 2014. Chama kimepoteza viti 39 ndani ya uchaguzi mmoja na wazo lenyewe halijapoteza hata kucha.

Hili jambo linachanganya watu kwa sababu tumezoea kuamini kwamba ukikipa chama kura umekubali kila kitu kilichoko kwenye ilani, hasa lile jambo lililokizaa chama chenyewe. Chama cha uhuru kimeshinda basi wananchi wanataka uhuru, kwisha habari. Mpiga kura wa kawaida hafikirii hivyo bana. Chama anakipima kwa kazi, nani ataendesha hospitali na shule vizuri, nani hajachoka, nani ataenda makao makuu kutupigania. Wazo la uhuru analipima kwa vitu vizito zaidi, mimi ni nani, pensheni yangu italipwa na nani, nitashika hela gani mfukoni, ndugu yangu wa upande wa pili atakuwa mgeni au la. Hivi vipimo viwili vinaweza kupanda na kushuka bila kujuana kabisa, na mtu anayevichanganya atakosea utabiri kila uchaguzi, iwe anashangilia au anaogopa.

Chukua 2011, mwaka ambao SNP walishinda viti 69 kati ya 129 vya bunge la Scotland lenyewe kule Edinburgh, bunge ambalo mfumo wake wa kura wengi waliamini hautaruhusu chama kimoja kupata wingi peke yake. Wakati huo wanaotaka uhuru walikuwa kama theluthi ya wananchi, na mwaka uliofuata utafiti mkubwa wa mitazamo ya jamii kule ukaonyesha wameshuka mpaka karibu robo. Kwa hiyo kuna watu wengi sana waliowapa SNP kura huku uhuru hawautaki hata kwa dawa. Kwa nini? Kwa sababu tangu 2007 walikuwa wanaongoza serikali, waliingia na viti 47 dhidi ya 46 vya Labour, kiti kimoja tu, na wakajikaza kuonyesha wanaweza kazi. Wakafuta tozo za kuvuka madaraja ya Forth na Tay, wakaondoa ada iliyokuwa imebaki kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wakazuia kodi ya majengo isipande, dawa za kuandikiwa na daktari zikawa bure. Labour kwa upande wao walikuwa wamezoea kuiona Scotland kama shamba la urithi na wakali wao wote wanakimbilia London. Mpiga kura akaangalia akasema hawa angalau wako hapa na wanahangaika.

Ila kuna kitu kingine nyuma ya ule ushindi, na hiki ndo kiini cha gemu yote ya vyama vya utaifa vya kisasa, ni ile ahadi ya kura ya maoni. Watu wanadhani kura ya maoni ni njia ya kufika kwenye uhuru. Ni kweli, ila kwa chama ni kitu kingine kabisa, ni kinga. Inamwambia mpiga kura mwenye wasiwasi kwamba tupe serikali leo bila hofu, siku ya kuamua nchi utaitwa tena na utaruhusiwa kukataa.

Waliogundua huu ujanja siyo Waskoti, ni watu wa Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, na waligundua baada ya kuumia. Parti Québécois (PQ), chama cha uhuru cha kule, kilianzishwa 1968 chini ya René Lévesque, na kwenye uchaguzi wa 1973 kilienda kwa wananchi na msimamo mnyoofu kwamba tukishinda tunaanza safari ya kuondoka Kanada, tena mchumi wao Jacques Parizeau akawachapishia watu bajeti ya mwaka wa kwanza wa nchi huru, mapato haya, matumizi haya. Wenyewe waliona wameonyesha usirias. Mpiga kura yeye aliona makadirio ya pesa za nchi ambayo haipo akaogopa. PQ walipata karibu asilimia 30 ya kura na viti 6 kati ya 110. Sita! Mwaka uliofuata wakakaa chini wakabadilisha gia, kwamba kwanza tushinde, tuongoze vizuri, halafu uhuru tutawauliza watu kwa swali la peke yake. Novemba 1976 wakachukua viti 71. Hakuna kitu kikubwa kilichobadilika kwenye moyo wa watu wa Quebec ndani ya miaka mitatu ile, kilichobadilika ni kwamba kura ya chama ilitenganishwa na kura ya nchi.

Halafu angalia kilichofuata maana hapa ndo raha ilipo. Mei 1980 wakauliza swali lao, tena swali refu kama barua, wanaomba tu ruhusa ya kwenda kujadiliana na Kanada, na bado wakapigwa, karibu asilimia 60 wakakataa. Lévesque akapanda jukwaani usiku ule mbele ya ukumbi uliojaa watu wanalia, akawaambia kama nimewaelewa vizuri mnaniambia tukutane safari ijayo. Ungetegemea chama kife. Aprili 1981, hata mwaka haujaisha, wananchi wale wale wakakirudisha madarakani na viti 80 kati ya 122, ushindi mkubwa kuliko ule wa mwanzo! Ukiuliza kwa kanuni za kawaida huwezi kuelewa, lakini ukikaa na mpiga kura wa Quebec wa wakati ule ni rahisi sana. Alikuwa na serikali aliyoipenda, serikali iliyopitisha ile sheria namba 101 ya mwaka 1977 iliyofanya Kifaransa kiwe lugha ya kazi, ya mabango na ya shule, na alikuwa na nchi aliyoizoea. Kwa nini achague kimoja wakati anaruhusiwa kubaki na vyote?

Na mi naona, japo wenyewe wanautaifa hawapendi kuambiwa hivi, ile sheria ndo iliyoanza kumaliza kiu ya uhuru. Lile donge lililokuwa moyoni, la msema Kifaransa wa Montreal kwenda dukani kwenye mji wake akahudumiwa kwa Kiingereza, lilitibiwa ndani ya Kanada. Chama kilifanya kazi nzuri mpaka kikapunguza sababu ya kuwepo kwake, na huu ni mtego ambao vyama vya namna hii havina jibu lake, kwamba ukiongoza vibaya watu watasema hamuwezi hata mkoa mtaweza nchi, ukiongoza vizuri watasema mbona mambo yanaenda hivi hivi tulivyo.

Walijaribu tena 1995, Parizeau huyo huyo akiwa kiongozi wa serikali, na safari hii ilibaki nywele, 50.58 kwa 49.42, waliojitokeza zaidi ya asilimia 93, tofauti kura elfu 54 na kidogo. Usiku ule akasema kwenye maikrofoni kwamba wameshindwa na pesa na kura za makabila mengine, na kesho yake akatangaza kung'atuka. Maneno yale yameigharimu harakati miaka mingi, kwa sababu kwa sentensi moja yaliwaambia wahamiaji wote wa Quebec kwamba kwenye nchi mpya nyie mtakuwa wageni. Kufikia 2022 PQ ilibaki na viti 3 kati ya 125, watu wakazika tena, halafu miaka miwili baadaye chini ya Paul St-Pierre Plamondon chama hicho hicho kikawa kinaongoza kwenye tafiti za maoni, huku uhuru wenyewe ukiwa umekaa kwenye theluthi ileile. Chama kimeenda kaburini kikarudi, wazo halijainuka kwenye kiti.

Sasa turudi Scotland, kuna swali ambalo lazima lijibiwe. Kama uhuru ulikuwa na theluthi 2011, ulifikaje asilimia 44.7 kwenye kura ya Septemba 2014? Jibu ni kampeni yenyewe, ile miaka miwili ya mijadala kwenye kumbi za makanisa na vibaraza, watu wanabishana kuhusu sarafu na mafuta. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 84.6 na vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa. Kura ya maoni inalazimisha mtu aliyekuwa hana msimamo awe nao, na akishaupata hautoki tena, anaubeba kama dini au timu ya mpira. Ndo maana mwaka uliofuata, 2015, SNP wakafagia viti 56 kati ya 59. Wengi walisoma ule ufagio kama wananchi wamejutia kura yao, hapana, hesabu ni nyepesi zaidi. Asilimia 45 ya upande wa Ndiyo karibu wote walirundikana kwenye chama kimoja, asilimia 55 ya upande wa Hapana wakagawanyika kwenye vyama vitatu, na mfumo wa mwenye kura nyingi jimboni ndo mshindi ukafanya yaliyobaki. Mfumo huo huo ukawageuka 2024, watu wengi wanaotaka uhuru walitaka zaidi kuwatoa Conservative London na wakaona njia ya mkato ni kumpa Labour, na juu ya hapo SNP walikuwa wamechosha, wamebadilisha viongozi wawili ndani ya mwaka mmoja na kitu, polisi wanachunguza fedha za chama, meli za vivuko hazimaliziki kujengwa.

Na kama mtu bado anabisha kwamba wapiga kura wa uhuru ni mali ya chama, amuulize marehemu Alex Salmond. Mwaka 2021 yule mzee, mtu aliyeileta ile kura ya 2014, alizindua chama kipya cha Alba kwa ajili ya wale wanaoona SNP wanachelewa, uhuru kwanza mengine baadaye. Kilipata asilimia 1.7 ya kura za orodha, kiti hata kimoja hakuna.

Siyo kwamba chama na wazo havigusani kabisa, nisipotoshe. Mwaka 2020 wakati wa korona, Nicola Sturgeon, kiongozi wa SNP na wa serikali ya Scotland wakati huo, anatokea kwenye runinga karibu kila siku ametulia, na London mambo yanaenda shaghalabaghala, tafiti nyingi mfululizo zilionyesha uhuru uko juu ya nusu kwa mara ya kwanza. Halafu chanjo zikaja, hofu ikapungua, namba zikarudi chini taratibu. Kwa hiyo kiongozi mzuri anaweza kuliinua wazo kidogo, ila ni kuazima, inarudishwa.

Kinachohamisha watu kweli ni matukio, tena mara nyingi yanafanywa na upande wa pili. Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ni mfano ambao watu wanausoma nusu. Scotland ilipiga asilimia 62 kubaki Umoja wa Ulaya mwaka 2016 na ikatolewa hivyo hivyo, na kila mtu alitegemea uhuru utaruka juu, haukuruka. Lakini ukichungulia ndani ya ile namba iliyotulia unaona watu wamebadilishana nafasi, waliopenda Ulaya wengine wakahamia Ndiyo, na wanautaifa waliokuwa hawaitaki Brussels, makao makuu ya Umoja huo, kama wasivyoitaka London wakahamia Hapana. Kabla ya hapo msimamo wa mtu kuhusu Ulaya haukukuambia chochote kuhusu msimamo wake wa uhuru, baada ya hapo ukawa unakuambia mengi. Namba ni ileile, watu ndani yake siyo wale wale, na uhuru uliokuwa unazungumzwa siyo ule ule.

Catalonia, jimbo la Hispania, ndo inaonyesha vizuri zaidi jinsi upande wa pili unavyoweza kuzalisha wanautaifa kwa bei rahisi. Katikati ya miaka ya 2000 waliotaka nchi huru kule walikuwa chini ya asilimia 15. Vyama vya utaifa vilikuwepo na vimeongoza serikali ya jimbo kule Barcelona miongo miwili na zaidi, lakini vilikuwa vyama vya kubembelezana na Madrid, nipe hiki nikuunge mkono bungeni. Mwaka 2006 wakapitisha sheria mama mpya ya jimbo, bunge la Hispania likaikubali baada ya kuichonga chonga, wananchi wakaipigia kura, halafu mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikafuta vipande vyake na vingine ikavibana. Weka juu yake msukosuko wa uchumi, ajira hakuna, matumizi yanakatwa. Kufikia 2013 waliotaka uhuru walikuwa karibu nusu! Na tafadhali angalia mpangilio wa matukio, maandamano makubwa ya Septemba 2012 yaliandaliwa na jumuiya za kiraia, na Artur Mas, kiongozi wa serikali ya jimbo, ndo akalikimbilia hilo wimbi. Akaitisha uchaguzi wa mapema Novemba akitegemea wingi wa viti, badala yake akashuka kutoka 62 hadi 50, na ERC, chama kilichokuwa kinasema uhuru toka zamani, kikapanda kutoka 10 hadi 21. Wananchi walimtambua mgeni.

Baadaye ikaja ile Oktoba 1, 2017, kura ambayo Madrid ilisema ni haramu, polisi wakaingia kwenye vituo na virungu, asilimia 90 Ndiyo lakini waliojitokeza ni 43 kwa mia kwa sababu upande wa Hapana walibaki nyumbani. Dunia iliona picha za bibi kizee anaburutwa. Zile picha ziliwafanyia wanautaifa kazi ambayo kampeni yoyote isingeweza, na bado hazikuwapa nchi, Carles Puigdemont, kiongozi wa serikali ya jimbo wakati huo, akaishia Ubelgiji na Mei 2024 vyama vya uhuru vikapoteza wingi wao bungeni, Salvador Illa wa chama cha kisoshalisti akachukua serikali. Tena alichukua kwa kura za ERC wenyewe.

Na ukizungumzia Ubelgiji, kule kuna kichekesho cha peke yake. N-VA, chama kikubwa cha Waflemi, yaani watu wa kaskazini, Flanders, wanaosema Kiholanzi, katiba yake ya chama inasema lengo ni jamhuri huru ya Flanders. Mwaka 2010 kikawa chama kikubwa kuliko vyote nchini, na nchi ikakaa siku 541 bila serikali kamili. Februari 2025 kiongozi wake Bart De Wever akaapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji, nchi ambayo chama chake kinataka isiwepo. Wapiga kura wake walilalamika? Wapi. Tafiti za wapiga kura kule kwa miaka mingi zimeonyesha wanaotaka Ubelgiji ivunjwe ni wachache, hata ndani ya N-VA siyo wengi. Wanachotaka ni kodi zao zisiende sana kusini kwa Wawaloni wanaosema Kifaransa, wahamiaji wadhibitiwe, na mtu mkali wa kwenda kubishana. Uhuru pale ni fimbo ya kuonyesha mezani.

Sasa kuna upande wa pili wa hii stori ambao ni mbaya zaidi, pale wanasiasa wanapoivunja nchi bila kuulizwa. Chekoslovakia ilivunjika Januari 1, 1993, kwa amani, kila mtu anaisifu kama mfano. Kinachosahaulika ni kwamba hakukuwa na kura ya maoni, na tafiti za mwaka 1992 zilionyesha waliotaka kutengana ni kama theluthi na kidogo tu, pande zote mbili. Uchaguzi wa Juni 1992 ulimpa Václav Klaus ushindi upande wa Wacheki na Vladimír Mečiar upande wa Waslovakia, huyu anataka mageuzi ya haraka ya soko, yule anataka mamlaka zaidi kwa watu wake, wakakutana mara kadhaa, wakashindwana, wakakubaliana kuachana. Rais Václav Havel alijiuzulu kabla. Wananchi walikuwa wamechagua watu wa kuongoza uchumi, wakajikuta wameamka na pasipoti mpya, na ile ahadi ya kuendelea kutumia sarafu moja haikumaliza hata wiki sita. Wamezoea, na leo wengi hawaoni tatizo, lakini usije ukasema walitaka.

Afrika yetu ina mfano uliogeuka kabisa. SPLM ya John Garang, harakati ya wapiganaji wa kusini mwa Sudan, ilipigana vita vya miaka 22, 1983 hadi 2005, na lengo rasmi la Garang halikuwa kujitenga, lilikuwa Sudan Mpya, moja, isiyo na ubaguzi wa dini wala asili. Alipofika Khartoum Julai 2005 alipokelewa na umati ambao mji ule ulikuwa haujawahi kuuona, na ndani yake walikuwepo watu wa kila pembe ya nchi. Lakini askari wake na raia wa Kusini walikuwa na nchi nyingine kichwani muda wote. Garang akafa kwenye ajali ya helikopta mwisho wa mwezi huo huo, na Januari 2011 watu wa Kusini walipoulizwa, asilimia 98.83 wakasema tunaondoka. Hapo kiongozi alikuwa anataka umoja na wananchi wanataka uhuru, kinyume cha Ubelgiji kabisa. Na ile asilimia 98.83 nayo ilikuwa ya nchi, haikuwa ya chama, Desemba 2013 chama hicho hicho kikapasuka kati ya Salva Kiir na Riek Machar na watu wakaanza kuuana. Eritrea 1993 ilikuwa hivyo hivyo, 99.83 kwa uhuru, na harakati iliyoshinda vita ikachukua ile namba kama vile ni kura yake yenyewe, mpaka leo uchaguzi wa kitaifa haujafanyika.

Wakati mwingine nacheka nikiona jinsi sisi tulioko nje tunavyochagua upande. Kila mtu ni mpenda uhuru wa watu walioko mbali. Hispania hadi leo haijaitambua Kosovo, iliyojitenga na Serbia, na sababu haiko Kosovo, iko Barcelona. Nyerere aliyeunganisha Tanganyika na Zanzibar 1964 ndiye aliyeitambua Biafra, iliyokuwa inajitenga na Nigeria, Aprili 1968 wakati Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeshaamua mipaka ya mkoloni isiguswe, hoja yake ikiwa kwamba umoja unahitaji ridhaa ya wanaounganishwa, na dola isiyowapa watu usalama haiwezi kuwadai utii. Unaweza kubishana naye, ila angalau alitoa kigezo. Wengi wetu kigezo chetu ni nani anatuudhi.

Na namba zenyewe ni za kusoma kwa tahadhari. Baada ya kura ya Scotland ilisambaa taarifa kwamba vijana wa 16 na 17 walipiga Ndiyo kwa asilimia 71, ikarushwa kila kona kama ushahidi kwamba uhuru ni suala la kusubiri wazee wapungue. Ule utafiti, wa Lord Ashcroft, ulikuwa umehoji vijana 14 wa umri huo. Kumi na wanne! New Caledonia nako, visiwa vya Ufaransa kule Pasifiki, kura ya 2018 ilitoa asilimia 43.3 kwa uhuru, ya 2020 ikatoa 46.7, ya 2021 ikatoa 3.5. Mtu anayesoma namba peke yake atasema wananchi walichanganyikiwa ndani ya mwaka mmoja, kumbe Wakanaki, wenyeji wa asili wa kule, waliomba kura isogezwe kwa sababu walikuwa kwenye maombolezo ya waliokufa kwa korona, Paris ikakataa, wakaisusia. Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron akatangaza kwamba New Caledonia imechagua kubaki Ufaransa. Mei 2024 mji mkuu wa kule, Nouméa, uliwaka moto.

Ireland Kaskazini ndo hili suala litakapokuja kujibiwa na mtu mwenye kalamu mkononi. Mwaka 2022 Sinn Féin, chama kinachotaka jimbo hilo litoke Uingereza liungane na Jamhuri ya Ireland, wakawa chama cha kwanza bungeni Belfast, viti 27 kati ya 90, na Februari 2024 Michelle O'Neill akawa mwanautaifa wa kwanza kuongoza serikali ya jimbo lililochorwa mwaka 1921 makusudi ili mtu wa namna yake asiliongoze. Magazeti yakaandika Ireland moja iko mlangoni. Kura zao za chaguo la kwanza zilikuwa asilimia 29, wakawa wa kwanza kwa sababu upande wa pili umegawanyika, na wanaosema kesho wangepiga kura ya kuungana na Dublin bado ni wachache kuliko wanaotaka kubaki, kwa kiasi gani inategemea nani kauliza na kauliza vipi. Katikati wameongezeka watu wanaokipa kura chama cha Alliance, ambao ukiwauliza wewe ni wa upande gani wanakwambia inategemea hospitali.

Mkataba wa amani wa 1998 unasema waziri wa London anayeshughulikia jimbo lile lazima aitishe kura ya kuungana pale itakapoonekana kwake kwamba wengi wangeelekea kuikubali. Itakapoonekana kwake, basi. Haujasema aangalie nini, viti vya Sinn Féin, tafiti za maoni, sensa, au maandamano barabarani. Kuna mtu ameshaenda mahakamani Belfast kudai serikali itaje kipimo chake, na majaji wakasema waziri halazimiki kukitaja.